KUNGOJA SI KUKAA BURE: TULIYOYAONA SAME NA MILIMANI WAKATI WA KORONA



Shukrani zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliofuata mwendo wao. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, mwaka huu mtoto mmoja wa darasa la wadogo alituuliza swali baada ya sala ya Alasiri. Alisema, "Ustadh, eti kulikuwa na wakati watu walikatazwa kupeana mikono? Sasa nyinyi mlikuwa mnafanya nini?" Wenzake wakacheka, na sisi tukacheka pamoja nao. Lakini usiku ule swali lilitukaa moyoni. Watoto hawa walikuwa bado wanabebwa mgongoni maradhi ya korona yalipoingia nchini. Hawakumbuki kitu, nasi tulioyaona tumeyanyamazia. Na jambo lisilosimuliwa hurudi na kuwakuta watu wakiwa hawana habari, kama siku ya kwanza.

Kwa hiyo tumeona katika toleo hili tuandike waziwazi tuliyoyaona, tuliyoyafanya vizuri, na tuliyoyakosea. Na baada ya hapo tutoe rai yetu.

ILIVYOANZA

Mwezi wa Machi 2020 mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini, msafiri aliyetokea Ulaya na kupitia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Tangazo lilitoka tarehe 16 Machi, na siku iliyofuata Waziri Mkuu alitangaza kufungwa kwa shule zote kwa siku 30. Siku hizo 30 zikaongezwa. Wanafunzi wa kidato cha sita na wa vyuo walirejea tarehe 1 Juni, na shule zilizobaki zilifunguliwa tarehe 29 Juni 2020. Nasi tulisimamisha darasa la madrasa katika kipindi hicho hicho.

Nchi yetu haikufungia watu majumbani kama ilivyokuwa kwingine. Misikiti na makanisa yaliendelea. Ng'ambo ya mpaka huku kwetu, Kenya, misikiti ilifungwa na watu wakapigwa marufuku kutoka usiku. Uganda shule zilifungwa muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani, kwani wanafunzi wote walirudi madarasani Januari 2022. Sisi tulibaki katika hali ya kati: kila kitu kilikuwa wazi, lakini mtu hakujua kama mkono anaoushika una salama au una maradhi. Takwimu za mwisho za wagonjwa zilizotangazwa mwaka 2020 zilionyesha wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo hapakuwa na hesabu nyingine kwa zaidi ya mwaka. Kila mmoja akabaki kuhesabu kwa jeneza alilolibeba.

KAZI YA SIMU NA KAZI YA JEMBE

Wakati ule tulianza kusikia neno jipya: kufanya kazi ukiwa nyumbani. Baadhi ya vijana wetu walioajiriwa Dar es Salaam na Arusha, hasa wale wa mashirika na makampuni ya nje, waliambiwa wasifike ofisini. Wakafunga kompyuta zao begini, wakapanda basi, wakashuka Same, wakapandisha milimani kwa wazazi. Kule juu mtandao haupatikani kila mahali. Tulimwona kijana mmoja akikaa kila asubuhi juu ya jiwe kwenye mgongo wa kilima, kwa sababu hapo tu ndipo simu inaposhika. Amevaa shati la ofisini juu na msuli chini, anazungumza na mkubwa wake wa kazi aliye nchi nyingine, na mbuzi wa jirani wanapita nyuma yake. Bando likiisha, kazi imekwisha. Umeme ukikatika, kazi imelala.

Mama mmoja wa kijiji alimtazama siku tatu, kisha akamuuliza, "Mwanangu, huku kusema na simu ndiyo kazi yenyewe?" Akajibiwa ndiyo. Mama akasema, "Basi ungenisaidia na kuni, maana mimi siku zote nafanya kazi nyumbani, na hakuna aliyenitumia mshahara."

Watu waliicheka kauli hiyo, lakini ndani yake mna hoja. Mkulima wa tangawizi wa Mamba hawezi kuchimba tangawizi kwa simu. Mlimaji wa mpunga wa Ndungu hawezi kuingiza maji shambani akiwa mbali na shamba. Mchimbaji wa jasi wa Makanya, mkata mkonge, kondakta wa basi, mama anayeuza ndizi na karanga madirishani mwa mabasi pale stendi ya Same, hawa wote kazi yao ni mwili wao kuwepo pale. Maradhi yalipokuja, wao hawakupewa nafasi ya kuchagua. Na kijana wetu wa juu ya jiwe aliweza kukaa mbali na watu kwa sababu kuna mtu mwingine aliyempelekea unga, aliyeendesha gari lililoleta vocha, na aliyesimama sokoni kati ya watu 100 ili chakula kifike.

Wako pia waliokosa kazi kabisa. Ndege za kimataifa zilisimamishwa mwezi wa Aprili 2020 na hata ziliporuhusiwa tena mwezi wa Mei, watalii hawakurudi kwa haraka. Wapagazi na waongozaji wa Mlima Kilimanjaro, ambao baadhi yao ni watoto wa mkoa huu huu, walirudi nyumbani mikono mitupu.

Hatusemi haya ili kumlaumu aliyefanya kazi kwa simu. Hiyo ni riziki yake, na Allah amgawiaye hampangii mtu mwingine. Lakini tunasema kwamba usalama wake ulikuwa na gharama, na gharama hiyo ililipwa na mwingine. Mwislamu anayejua deni hulikiri. Wapo waliolikiri: vijana wanne tunaowafahamu walikubaliana kila mwezi kutuma fedha kidogo, wakanunuliwa sabuni na unga wajane wa vitongoji vyao. Wapo pia ambao hawakukumbuka, na mpaka leo wakikutana na yule mama wa stendi hubishana naye bei ya ndizi.

DARASA KWA SIMU

Sisi walimu nasi tulijaribu kufundisha tukiwa mbali. Serikali ilirusha vipindi vya masomo redioni na kwenye televisheni, nasi tukasema tusibaki nyuma. Tulikuwa tukirekodi sauti ya somo la tajwidi na kuituma kwenye simu za wazazi kwa WhatsApp. Mtoto husikiliza, hurekodi naye akisoma, na kuturudishia.

Kuna faida tuliyoiona, na hatutaki kuificha. Akina mama wengi ambao hawakuwahi kuingia darasani walisikiliza pamoja na watoto wao wakiwa jikoni, wanasonga ugali au wanachambua maharage ya makande. Mama mmoja alihifadhi sura fupi kadhaa kabla ya mwanawe. Baba mmoja alikiri kwamba miaka yote alikuwa akisoma Alhamdu kwa makosa, akaona haya kuuliza, mpaka sauti ilipomfuata nyumbani.

Lakini tuliona pia hasara. Kwanza, si kila nyumba ina simu ya kupokea sauti, na nyumba nyingi zina simu moja tu, ambayo baba huondoka nayo asubuhi. Watoto wa nyumba hizo walipotea darasani miezi mitatu, na baadhi hawakurudi mpaka leo. Pili, Qur'ani haikupokelewa kwa masikio tu. Mwanafunzi humtazama mwalimu ulimi wake unapogusa na midomo yake inavyojikusanya, na mwalimu humtazama mwanafunzi vilevile. Herufi ya dhadi kwa simu inafika imekwisha kuwa dali. Tulirekebisha mara kumi kwa sauti na haikunyooka. Tuliporudi darasani tuliirekebisha kwa kumtazama mtoto mara moja tu.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: simu ni msaidizi na haiwezi kuwa mwalimu. Wanazuoni wa hadithi tangu zamani walikubali mtu kupokea elimu kwa maandishi kutoka kwa shekhe aliye mbali, lakini hawakuacha kufunga safari kumfuata. Walichukua vyote viwili, kila kimoja mahali pake. Nasi tufanye hivyo.

IDDI ILIYOKUWA NGUMU

Sasa tunafika kwenye jambo lililozigawa nyumba nyingi. Ramadhani ya mwaka 2020 iliangukia mwishoni mwa Aprili, na Iddi ikawa tarehe 24 Mei. Kila mtu anajua desturi yetu. Mtoto wa milimani, hata awe Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, sikukuu ikifika roho yake iko nyumbani. Mwaka ule swali lilikuwa: je, aje?

Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha, katika hadithi iliyothibiti kwa Bukhari na Muslim, kwamba tukisikia tauni ipo katika ardhi fulani tusiingie, na ikitokea katika ardhi tuliyopo tusitoke kwa kuikimbia. Na Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapewa habari ya tauni, aliwataka ushauri masahaba, kisha akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (R.A.) alimuuliza kama anaikimbia qadari ya Allah, naye akamjibu kwa maana kwamba anatoka kwenye qadari ya Allah kuelekea qadari nyingine ya Allah. Abu Ubayda mwenyewe alifariki katika tauni ile ya Amwas, na Muadh bin Jabal (R.A.) vilevile. Walikuwa watu bora kuliko sisi, na maradhi yaliwafika. Basi asidhani mtu kwamba uchamungu ni barakoa.

Hadithi hii si ngeni kwa nchi yetu. Majirani zetu wa Lushoto, katika milima ya Usambara tunayoiona kutoka huku kwetu, waliishi na tauni yenyewe, ile ya panya na viroboto, kuanzia mwaka 1980 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watu zaidi ya 7,000 waliugua. Wazee wetu wanakumbuka hofu hiyo.

Pamoja na kuyajua yote hayo, nyumba nyingi zilishindwa kumwambia mtoto asije. Bibi mmoja alimwambia mjukuu wake kwa simu, "Njoo tu, kama ni kufa nitakufa nimekuona." Ni maneno ya mapenzi, nani atamlaumu? Lakini mjukuu wake mwingine, msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa mwanafunzi wetu, aliichukua simu akasema, "Kaka, usije. Bibi anakupenda, na mimi nataka bibi awepo Iddi ijayo." Kaka alikasirika, na ukoo mzima ukamwona binti hana adabu. Iddi ikapita. Bibi yupo mpaka leo, alhamdulillah, na yule kaka humwambia dada yake kila akija, "Ulinifanyia vizuri." Hatudai kwamba asingekuja ndiyo sababu bibi yuko hai, kwani umri uko mikononi mwa Allah. Tunachosema ni kwamba binti yule alifanya sehemu yake.

MAKOSA YETU WENYEWE

Tusije tukaonekana tunahubiri wenzetu. Kosa kubwa katika habari hii ni letu.

Katikati ya mwaka 2020 watu waliamini maradhi yamekwisha. Ndoo za maji mlangoni pa msikiti zilikauka, sabuni ikaisha, na sisi hatukununua nyingine. Mwanzoni mwa mwaka 2021 wimbi la pili likaja. Halikuitwa kwa jina. Watu walisema ni nimonia, au changamoto ya upumuaji. Kila mtu alijua, na kila mtu aliogopa kutaja.

Wakati huo tulikuwa na msiba, ikasomwa hitma, na sisi ndio tuliosimamia shughuli. Watu walijaa ndani ya ukumbi uliofungwa madirisha kwa sababu ya baridi. Tulikula sinia moja watu sita sita, tukapeana mikono, tukakumbatiana. Mmoja wetu alikuwa akikohoa, akasema ni vumbi la njiani. Mwanafunzi mmoja mdogo alituuliza, "Ustadh, nikanawishe watu mikono?" Tukamwambia akae chini asisumbue wageni.

Baada ya wiki mbili wazee watatu waliugua. Wawili walipona. Wa tatu alikuwa mzee wetu aliyetufundisha alifu kwa ubao na wino wa masizi, karibu nusu ya walimu wa madrasa hii ni wanafunzi wake. Alifariki alfajiri, akipigania pumzi. Hakupimwa, na hakuna cheti kilichoandika neno korona. Lakini sisi tuliokuwa kwenye sinia lile tunajua tulichokifanya. Mtoto alituletea maji, tukayakataa.

Ndugu zetu, tuliita hali ile tawakali, na haikuwa tawakali. Mtume (S.A.W.) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Allah. Sisi tulimwacha ngamia akapotea, kisha tukasema ndiyo mapenzi ya Mungu. Mwezi ule ule wa Februari 2021 nchi ilimpoteza Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza wazi kwamba ameugua korona. Kule kutaja jina la ugonjwa kulikuwa ushujaa. Sisi tulikosa hata huo.

NDIVA NA CHANJO

Wakati huo duniani chanjo ilikuwa imekwisha kupatikana. Uingereza walianza kuchanja watu tarehe 8 Desemba 2020. Kenya walipokea shehena yao ya kwanza mwanzoni mwa Machi 2021. Huku kwetu, shehena ya kwanza, dozi 1,058,400 za aina ya Janssen, iliwasili tarehe 24 Julai 2021. Tarehe 28 Julai Rais Samia Suluhu Hassan alizindua zoezi hilo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe mbele ya umma. Kutoka siku ya mzee wa kwanza kuchanjwa Uingereza mpaka siku hiyo ni zaidi ya miezi saba. Miezi saba hiyo ndiyo tuliyokuwa tukingoja, na ndani yake ndimo tulimozika.

Sisi wa milima ya Upare tunaielewa habari hii kwa mfano wa ndiva. Wazee wetu walichimba ndiva ili maji ya mlimani yakusanywe usiku, na asubuhi yafunguliwe yafuate mfereji shamba kwa shamba kwa zamu. Mwenye shamba la juu ana nguvu kuliko wa chini, kwani maji yanaanzia kwake. Akiwa mwadilifu, huchukua zamu yake na kuyaachia. Akiwa dhalimu, huyaziba, akamwagilia hata majani, na wa chini mahindi yake yakakauka akiyaona. Ndiyo maana ndiva ina wasimamizi, ina kanuni na ina faini.

Chanjo ya korona ilikuwa maji, na nchi tajiri zilikuwa na mashamba ya juu. Ziliweka oda mapema, nyingine kwa dozi nyingi kuliko idadi ya watu wake. Mpango wa COVAX uliwekwa ili uwe msimamizi wa zamu, lakini maji yaliyoufikia yalikuwa machache. Mwishoni mwa Julai 2021, katika kila watu 100 wa Afrika hawakufika 2 waliokamilisha chanjo. Huo ni udhulma, na Mwislamu haoni haya kuuita hivyo.

Lakini tuseme na upande wa pili, maana uadilifu ni kusema kweli hata juu ya nafsi zetu. Sisi tulichelewa kwenda hata kwenye zamu. Mpaka mwezi wa Februari 2021 nchi yetu ilikuwa imesema haina mpango wa kupokea chanjo hizo, na maombi ya kuingia COVAX yalikwenda katikati ya mwaka. Mtu asiyefika kwenye msaragambo wa kusafisha mfereji hawezi kulalamika peke yake kwamba maji hayakumfikia. Waliotuziba walikuwepo, na sisi wenyewe tulilala.

Na maji yalipofika, wengi tuliyakataa. Zoezi lilianza kwa kusuasua, mpaka Septemba 2021 Serikali ikaanzisha mpango shirikishi na harakishi wa kuwafuata watu walipo. Huku mitaani tulisikia kila aina ya maneno: kwamba chanjo inafunga uzazi, kwamba inaondoa imani, kwamba nyungu ya mwarobaini, limau na tangawizi inatosha. Hatuidharau tangawizi, ni zao letu na ni dawa ya mafua tangu enzi za babu. Lakini kuvuta mvuke ni kitu kimoja na kuufundisha mwili kumtambua adui kabla hajaingia ni kitu kingine. Chanjo ni kama mwanafunzi aliyeonyeshwa swali kabla ya mtihani. Haimzuii mtihani kuja, ila ukija humkuta amejiandaa. Aliyechanjwa aliweza bado kuugua, lakini hatari ya kuzidiwa na kufa ilipungua sana.

Tena tunajiuliza, ilikuwaje tuiogope sindano hii? Mahujaji wetu huchanjwa homa ya uti wa mgongo kwa miaka mingi kabla ya kusafiri, na hatujasikia hija ya mtu imeharibika. Watoto wetu wote wamechanjwa surua na polio. Na ndui, uliowaua babu zetu kwa maelfu, umeondoka duniani kwa chanjo. Mtu wa mwisho kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Mwislamu wa pwani ya Afrika Mashariki hii hii, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Alikuwa ameikwepa sindano kwa kuogopa maumivu yake. Alipopona, miaka ya baadaye alitumia maisha yake kuwashawishi wazazi wa Somalia wawachanje watoto wao polio, akiwasimulia kosa lake mwenyewe, na alifariki mwaka 2013 akiwa bado katika kazi hiyo. Huyo ndiye mfano wetu: mtu aliyekosea, kisha akaligeuza kosa lake kuwa funzo la wengine.

RAI YETU

Wapo watakaosema, "Ya nini kufukua haya? Maradhi yamepita." Ni kweli kwamba Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya korona imekwisha. Lakini Machi mwaka huo huo ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera, na Januari 2025 ukatangazwa tena huko huko. Lingine litakuja, Allah atuepushe. Basi tunapendekeza mambo manne kwa madrasa yetu na kwa kila nyumba.

Kwanza, maji na sabuni mlangoni yasiwe ya msimu. Darasa la wavulana wakubwa litengeneze vibuyu chirizi, na kila wiki kuwe na zamu ya kuvijaza, kama zamu ya ndiva. Mtoto anayewanawisha watu mikono asiambiwe tena akae chini.

Pili, kila kitongoji kiwe na daftari la wazee na wagonjwa wanaoishi peke yao, na wanafunzi wawili waliopewa jukumu la kuwabishia hodi. Wakati wa maradhi, hao ndio watakaopeleka unga na maji na kusimama nje ya mlango wakazungumza nao.

Tatu, somo la simu liendelee kwa ajili ya akina mama na walio mbali, lakini fungu la mfuko wa madrasa litengwe kwa nyumba zisizo na simu, ili asipotee mtoto mwingine. Vijana wetu wanaofanya kazi kwa kompyuta, ambao riziki yao haikukatika, tunawaomba wawe wa kwanza kuchangia mfuko huu. Hilo ndilo deni tulilolitaja.

Nne, tutaje ugonjwa kwa jina lake. Mgonjwa aende hospitali mapema, aseme anachoumwa, na imamu aruhusiwe kutangaza msikitini kwamba fulani ana maradhi ya kuambukiza, tumuombee dua na tusimkaribie mpaka apone. Kuficha kuliua watu ambao ukweli ungewaokoa.

Wanafunzi wapendwa, mliuliza tulikuwa tunafanya nini. Jibu letu ni kwamba tulikuwa tunangoja, na wengi wetu tulingoja tumekaa. Mkulima akipanda anangoja mvua, lakini hakai. Anapalilia, anafukuza nyani, anazibua mfereji. Mvua ni ya Allah, palizi ni yake. Nyinyi mtakapofika zamu yenu ya kungoja, ngojeni kama mkulima.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu na wote waliotangulia katika miaka ile, awaandikie thawabu waliokufa kwa maradhi wakiwa wavumilivu, awalipe wauguzi na madaktari waliosimama, na atusamehe sisi kwa tulichokizembea. Atupe elimu yenye manufaa na ujasiri wa kuitumia kwa wakati wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Walimu wa Madrasa